Mkataba wa Kutibu Kuvuka Mistari ya Treni

"Watu wa Maziwa Makuu waishio Stockholm wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumapili hii, mhudumu yeyote wa afya anayeishi kwenye mstari wa treni wa bluu hataruhusiwa kumtibu, kumpima wala kumtazama kwa jicho la kitabibu mgonjwa wa mstari wa kijani, isipokuwa awe na hati chini ya Mkataba wa Utambuzi wa Tiba Kuvuka Mistari."

Tangazo hilo zito, pamoja na mkataba wenyewe, liliandikwa kitandani, saa nne asubuhi, na Mélissa, binti wa miaka kumi na saba aliyekuja nyumbani Hjulsta, kwenye mstari wa bluu, kwa likizo kutoka shule ya bweni. Mhuri wake aliuchonga kwenye kiazi.

Hakuwa na nia mbaya. Mama yake, Séraphine, alikuwa muuguzi Bukavu kwa miaka kumi na minne, na huu ulikuwa mwaka wa sita ofisi ya vyeti vya uuguzi ya Sweden ikichunguza kama damu ya Bukavu inazunguka upande uleule na ya Stockholm. Ilipokuwa ikichunguza, yeye alikuwa akiwaogesha wazee huko Vällingby. Mélissa alitaka kuikejeli ofisi, basi. Akavituma vyote viwili kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, akacheka, akaenda kula mkate.

Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Bonaventure, hakucheka. Aliuona mhuri. Mtu aliyekulia mahali ambapo hata ruhusa ya kusafirisha mbuzi ina mihuri mitatu haulizi karatasi imetoka wapi. Baada ya dakika ishirini aliwajulisha wanachama kwamba mkataba huo ni matunda ya jitihada zake binafsi: alikaa na wakubwa siku tatu mfululizo, wakavutana sana kwenye kifungu cha pili, mwisho wakasalimu amri. Aliomba asipongezwe kupita kiasi.

Mélissa alisoma, akaizima simu. Uongo wake ulikuwa umeshapata baba.

Kamati ya watu tisa ikaundwa. Fomu ya kurasa nne ikatolewa. Likazuka suala la T-Centralen, pale mistari inapokutana: mgonjwa akianguka kwenye ngazi, ni wa nani? Katibu Hervé akapendekeza iangaliwe kichwa kimeelekea wapi. Hoja ikapita kwa kura saba.

Sasa, kila Jumapili baada ya ibada, Séraphine alikuwa akienda Farsta, kwenye mstari wa kijani, kumpima presha Papa Protais, mzee wa Kirundi aliyeipenda chumvi kuliko ushauri, na ambaye hakumwamini mtu mwingine yeyote kuushika mkono wake. Jumapili ile Mwenyekiti alimzuia mlangoni mwa kanisa. Hati yake, alisema, iko kwenye mchakato.

Séraphine alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kukitoa kipimo mfukoni.

"Hata kwetu wenyewe," alisema, "niko kwenye mchakato."

"Men mamma, lakini mama, nenda tu," Mélissa alimwambia.

"Nikivunja hii sheria, wenye ile nyingine watasema ndiyo maana walikuwa wakinichunguza."

Mélissa alifungua mdomo ili aseme ukweli. Akaufunga. Ujasiri wake wote ulikuwa wa maandishi.

Jumapili iliyofuata kamati ilikutana ukumbini Farsta mbele ya wanajumuiya, Séraphine, Mélissa na Papa Protais wakiwemo. Mwenyekiti aliinama kuokota fomu iliyoanguka, mgongo ukagoma kurudi. Akabaki amekunjika, uso ukitazama sakafu, akiomba kwa sauti ndogo Mama Séraphine asogee.

"Mimi ni wa mstari wa bluu, wewe wa kijani," Séraphine alisema kwa adabu. "Nipeni huo mkataba kwanza, nione kama una kifungu cha dharura."

Alikuwa akiusikia tu kwa watu, hakuwahi kuushika. Katibu akampa nakala iliyochapishwa, akaisoma pole pole hadi chini.

"Nina barua kumi na moja za serikali ya hapa," alisema. "Zote za kuniambia nisubiri. Hakuna hata moja iliyopigwa mhuri." Akausogeza mhuri karibu na macho. "Huu una jicho la kiazi, na jikoni kwangu nilikuta kimoja kimechongwa. Mélissa."

Hakupandisha sauti, na hapo ndipo Mélissa alipoishiwa ujanja.

"Ni mimi, mama. Nilitaka kuwacheka wanaokuchelewesha, nikakuchelewesha mimi. Nisamehe. Na wewe, Papa Protais, nisamehe."

Kisha sauti ikatoka chini, usawa wa meza.

"Haiwezekani. Mimi mwenyewe nilijadiliana na..."

Séraphine akafungua mfuko. Alianza na Papa Protais, kwa kuwa yeye alikuwa kwenye foleni tangu wiki iliyopita. Presha ilikuwa juu. Akamwambia kesho asubuhi wataongozana kliniki, na chumvi ibaki nyumbani. Ndipo akaenda kwa Mwenyekiti, akaiweka mikono yake miwili kiunoni pake, bila kubonyeza.

"Endelea, Mwenyekiti," alisema. "Siku tatu mlikaa. Ulikaa na nani?"

Papa Protais alisogeza kiti karibu ili asipitwe.

"Nilikaa nyumbani," Mwenyekiti akaiambia sakafu.