Kidole Changu cha Kuita Wakwe

Jumatatu, 7 Agosti 2006. Kitale.
Nafasi imepatikana! Wangila anaoa Jumamosi, kule Kanduyi. Mama yake ni Senje Phelista, dada ya baba, mwenye saiba, duka la intaneti ninamoshinda. Nimemwahidi programu ya kompyuta, kwa lugha ya C++, ya kuita jamaa kwenda kula, kundi moja moja. Ndani yake nimeunda kidole, alama inayoonyesha jina la kuitwa. Kinaanza kwa jina la kwanza, nikibonyeza kinasonga mbele jina moja, mpaka orodha iishe. Kang'ethe, fundi wetu wa printa, akasema ati vidole kama hivyo viko tayari kwenye lugha hiyo, mbona najichosha. Wivu tu.
Senje amekubali, ila nikimwaibisha niiage kompyuta yake, nirudi Matulo kwa baba nikalime. Kulima! Mimi!

Jumatano, 9 Agosti.
Mjomba Wabwile hula mara mbili kila harusi. Dawa yake nimeipata: kundi likiitwa, programu inalifuta hapo hapo. Kang'ethe akachungulia, akaniuliza kama nina hakika, kufuta watu huku kidole kinatembea. Nikamwambia arudi kwa wino wake. Nimejaribu kwa jina moja. Likaitwa, likafutwa, kwisha! Sioni haja ya kujaribu tena.

Ijumaa, 11 Agosti.
Orodha imefika. Makundi kumi na mawili: moja la kwetu, moja la kina Gathoni, bibi harusi, kisha la kwetu tena, hivyo hivyo hadi mwisho, wakwe wasinung'unike. Nimechapa yote. Muda uliobaki nimepiga pasi suruali.

Jumamosi, 12 Agosti. Kanduyi.
Kompyuta ilisafiri kwa pikapu, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Jenereta ikawaka. Raha! Nikabonyeza: wajomba wa Wangila. Nikabonyeza: shangazi za Wangila. Nikabonyeza: kwaya ya kina Wangila. MC akaninong'oneza, kwani wakwe wataitwa lini. Nikamwambia mashine inajua kazi yake.
Baada ya kundi la sita skrini ikaandika: TUMEMALIZA, AHSANTENI KWA KULA. MC akaisoma kwenye maikrofoni. Nyanya yake Gathoni alikuwa ameshika sahani tupu mapajani. Wakwe wakainuka wote, wakapanda basi lao kurudi Kitale. Kang'ethe pia, maana ni binamu ya Gathoni. Nilitamani kuingia chini ya meza na jenereta yangu. Mjomba Wabwile alikula mara tatu.

Jumatatu, 14 Agosti. Kitale.
Kang'ethe amenieleza, bado ana hasira. Ukifuta jina, walio nyuma wanasogea wenyewe, kidole tayari kiko kwa anayefuata. Halafu mimi nakiambia songa! Kwa hiyo kila wa pili anarukwa. Wa pili wote walikuwa wakwe. Nikasema naelewa. Nilielewa kidogo.
Senje ameifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza.

Alhamisi, 17 Agosti.
Nimepewa nafasi ya mwisho! Jumamosi Senje na Wangila wanaenda kuomba msamaha kwa wazee wa Gathoni, kila mzee aitwe kwa jina na avishwe blanketi. Senje ameniachia karatasi iliyojaa majina, ati niyanakili kwa kalamu, kwa mpangilio, kisha nipige simu dukani Chwele kuagiza blanketi, moja kwa kila jina. Nikikosea hata moja, Matulo. Akaenda kanisani.
Kwa kalamu! Nimeinua kitambaa. Kosa la Kanduyi nimelirekebisha: lile neno AHSANTENI nimelitoa, nimeweka TUNAOMBA MSAMAHA. Nimejaribu kwa jina moja. Safi. Nimechapa karatasi nzima, nikabonyeza hadi mwisho, na kila mzee aliyetokea nikamnakili vizuri.
Nilidhani wazee ni wengi, kumbe ni sita tu. Nimepiga simu Chwele, nimeagiza blanketi sita.