Mikono Miwili ya Shujaa Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Mifupa ya kale inaingia kabati la kioo Jumamosi, hapa makumbusho, na kibao nakiandika mimi. Tena chenye jina langu, baada ya miaka ishirini na miwili ya vibao visivyo na jina. Nimeshaamua: SHUJAA WA MKUKI. Mfupa wa mkono wa kulia, bega hadi kiwiko, mnene kama mpini wa shoka! Bi Rula, mpimaji wetu wa mifupa, akauliza kama nimeutazama wa kushoto. Nikamjibu sina haja. Akasema, basi ndugu yangu, umesoma nusu ya barua. Jeuri!

Jumanne, 4 Machi
Nimeutazama wa kushoto. Kwa siri. Mnene vilevile.
Bi Rula kamweleza mkurugenzi kwamba mfupa hukua kwa kazi uliyoizoea tangu utotoni: mrusha mkuki hunenepa mkono mmoja, msaga nafaka kwenye jiwe yote miwili. Na nyonga ni za mwanamke. Shujaa wangu, msagaji! Mkurugenzi ametupa hadi Ijumaa. Atakayeshindwa, kibao si chake.

Jumatano, 5 Machi
Jaribio. Nitarusha mkuki siku mbili, kisha eksirei ioneshe mkono ulivyonenepa. Mkuki: mpini wa ufagio. Mrusho wa arobaini, kiwiko kikalia ta! Mpini ukapita dirisha la jikoni. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akaudaka kwa mkono wa kushoto, akauliza: baba, ufagio huu umekukosea nini?

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa eksirei kasema mfupa umepasuka. Nikamuuliza, lakini umenenepa? Akajibu, mzee, mfupa haujengwi kwa siku moja, na huu haujawahi kubeba kitu kizito kuliko kalamu. Plasta hadi begani.
Bi Rula akaja kunipa pole. Macho yake yakatua kwenye mikono ya mama mkwe. Akamuuliza alifanya kazi gani udogoni. Kusaga, mwanangu, tangu nina miaka saba. Mkono mmoja haulei mwana, wala hausagi unga. Wakacheka kama mtu na dada yake. Nyumbani mwangu! Kisha wakaondoka pamoja kupiga eksirei.

Ijumaa, 7 Machi
Picha mezani kwa mkurugenzi. Mikono ya mama mkwe: sawasawa, minene, pacha wa ile mifupa ya kale. Kusema kweli niliitazama muda mrefu. Mfupa unatunza kumbukumbu kuliko masjala yetu. Lakini nimeshindwa.

Jumamosi, 8 Machi
Uzinduzi. Kibao: MSAGAJI. Kimeandikwa na Bi Rula. Chini yake, eksirei ya mama mkwe, na mwenyewe pembeni akipigiwa makofi. Chini zaidi, eksirei yangu, na maneno: "Kwa kulinganisha: mkono usiozoea kazi." Jina langu, kamili, kwa herufi kubwa. Hatimaye!
Naandika haya kwa mkono wa kushoto, na hapo ndipo nimegundua kosa la Bi Rula. Mikono yote miwili minene? Basi shujaa alirusha mikuki miwili kwa mpigo! Kesho naanza na huu wa kushoto. Tatizo ni moja tu: mama mkwe ameuficha ufagio.