Mchungaji Aliyecheza Pool kwa Tangi

Ewoi alipoliona lile tangi jeusi la lita elfu kumi limelala ubavu, peke yake, nyuma ya ofisi moja mjini Kakuma, hakujiuliza ni la nani. Lilikuwa la umma, yaani halikuwa la mtu. Wanawake waliopita hapo na mitungi kwenda kuchimba maji kwenye laga, ule mto mkavu, walikuwa wameliona kila siku kwa miaka miwili. Lilizinduliwa kwa utepe, na sisi wenye kumbukumbu tunajua kwamba utepe ule ulikuwa mrefu kuliko bomba.

Ewoi alikuwa mchezaji wa pool wa kulipwa, maana yake aliishi kwa kuwafunga watu waliodhani wanamfunga yeye. Lodwar walishamjua, hakuna aliyekubali tena kucheza naye hata kwa soda. Lakini Chepchumba, mwenye hoteli huko, alikuwa amemwahidi: niletee tangi kubwa, uchukue meza yangu ya pool. Meza yake mwenyewe! Miaka kumi na miwili alikuwa akicheza kwenye meza za watu kama mpangaji.

Tangi lilikuwa chini ya usimamizi wa Kiplagat, ofisa wa miradi na bingwa wa pool wa ofisi yake, mwenye fimbo yake ya vipande viwili ndani ya mkoba. Saa nane mchana, saa za kazi, alikuwa kwenye ukumbi wa pool jirani na ofisi, na wenzake wawili, kwa sababu jua la Kakuma linajulikana kwa kuwazuia maofisa kuhudumia wananchi.

Ewoi akaingia na shuka begani, viatu vipya vya akala miguuni, na kigoda cha mchungaji mkononi.

"Ejok," akasalimu. "Hii kitanda ya nani?"

Wakacheka. "Ni meza ya mchezo, mzee," akasema Kiplagat. "Umetoka wapi?"

"Namoruputh. Mimi naleta ngamia sokoni."

Ewoi ana diploma ya uhasibu na Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Alikivunja neno kwa neno, kama fundi.

Wakamfundisha. Akashika fimbo kichwa chini. Akafungwa mara mbili, akawalipia chai kwa Akal, mama aliyeketi pembeni na thermosi zake. Kisha akakuna kichwa.

"Sasa mimi nacheza na ngamia. Wawili."

Ngamia walikuwapo sokoni kweli, na walikuwa na mwenyewe. Mwenyewe tu ndiye asiyejua kwamba wanacheza pool.

Kiplagat akawatazama wenzake. "Kirafiki tu, lakini. Mshahara haujaingia."

"Kirafiki. Wewe weka ile kitu nyeusi inalala huko nje. Ngamia zangu zitakunywa ndani."

Kiplagat akapeana naye mkono mbele ya mashahidi. Kisichotoka mfukoni mwako hakikuumi.

Ofisa akafungua mchezo, akaingiza mipira miwili, akakosa wa tatu. Ewoi akafumba jicho moja akaanza kubahatika. Akabahatika mara saba mfululizo, kila mara akiomba msamaha. Ukabaki mweusi. Akikosa, atatakiwa ngamia asio nao, na kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Lakini alikuwa ameshaona kwamba mguu mmoja wa meza umezama mchangani. Akausukuma mpira taratibu; ukapinda wenyewe, ukateremka shimoni.

"Samahani," akasema.

Akilini Ewoi alishalipakia tangi kwenye pikapu. Ndipo Akal akaweka thermosi chini.

"Shemeji," akasema. "Kumbe ni wewe."

Ewoi akageuka. Hakuwahi kumwona maishani.

"Si wewe wa boma la kina Ereng, Namoruputh? Mimi ndiye niliyeolewa na kaka yako. Tangu niolewe hujanipa hata kwato. Leo Mungu amekupa. Naliomba hilo tangi."

Mke wa kaka akiomba mbele ya watu, mchungaji wa kweli hanyimi. Anayenyima ni mtu wa mjini.

"Shemeji, tuongee nje kidogo," akasema Ewoi, na Kiswahili kikaanza kunyooka.

Akal akamsogelea, akanong'ona. "Akala zimekuchubua visigino. Mchungaji gani huyo? Nimwambie bosi, au unanipa?"

"Chukua," akasema Ewoi, kwa sauti ya mfiwa.

Ajabu ni kwamba Kiplagat hakununa. Alichangamka, akamtuma mwenzake ofisini kuleta faili. Miaka miwili makao makuu yamekuwa yakidai picha ya wananchi wakipokea mradi. Wakatoka wote hadi kwenye tangi, Akal na thermosi yake mkononi.

"Mama, shika tangi. Mzee, tabasamu, usiogope simu." Akapiga picha tatu. Kisha akafungua karatasi na kidau cha wino. "Weka dole gumba hapa. Wewe ndiye mwakilishi wa jamii."

Ewoi akainama. Diploma ikasoma, atake asitake: *Tumepokea matangi sita, yote yakiwa katika hali nzuri.*

"Kuna shida, mzee?" Kiplagat alikuwa akimtazama sana. "Au umesoma kitu?"

Akal alikuwa akimimina chai polepole, naye anangoja jibu.

"Mimi hapana jua kusoma," akasema Ewoi, akachovya dole gumba kwenye wino.