Nani Mwenyekiti wa Vibarua

Jumatatu, 2 Juni
Umoja wa Vibarua wa Kahawa Nyakatuntu umezaliwa! Nimeuanzisha mimi, Cleophace, mjamaa pekee kata nzima. Jumapili tunachagua mwenyekiti. Mgombea ni mimi tu. Leo niliwafafanulia vibarua jinsi tabaka lao linavyonyonywa na Elipidius, tajiri wanayemchumia kahawa. Wakauliza kama nimemaliza, maana Elipidius anawasubiri. Na walivyomkimbilia! Yeye wanamwita baba. Mimi wananiita yule wa makaratasi. Roho inaniuma jamani.

Jumatano, 4 Juni
Mbinu mpya: nyumba kwa nyumba. Nimeanza kwa Anastazi, kibarua anayesikilizwa na wenzake. Mkewe, Kemirembe, akaniletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyoletewa mgeni yeyote. Nikakisukuma kando! Nikatamka kwamba sitafuni jasho la mnyonge. Kemirembe akasema jasho hilo ni lake, mibuni iko nyuma ya nyumba, na mgeni asiyegusa kahawa ana lake jambo. Anastazi akanisindikiza hadi njiani. Kugeuka, naona nani anaingia? Elipidius! Akatafuna. Akaomba nyingine! Vicheko vyao nilivisikia mpaka migombani. Mnafiki mkubwa. Mbona mimi hawajawahi kunichekea hivyo?

Ijumaa, 6 Juni
Msiba kwa Niyomugabo, kibarua mwingine. Amefiwa na baba mkwe. Kuona umati ule, nikajua Mungu kanipa mkutano wa bure. Wanaume wakiwa bado wanachimba kaburi, nikapanda juu ya kiti, nikaanza na njia kuu za uchumi. Katekista akaniomba nishuke. Elipidius yumo kaburini na jembe, udongo hadi magotini. Maonyesho matupu! Ningeshika jembe hata mimi, ila nilivaa viatu vyeupe.

Jumapili, 8 Juni
Uchaguzi, baada ya misa. Niyomugabo akampendekeza Elipidius! Nikapinga: tajiri aongoze chama cha vibarua wake? Anastazi akasema wanajua vizuri kwamba anawapunja, lakini mtu akiugua anakuja. Tukapiga kura kwa kujipanga nyuma ya mgombea. Mstari wake ukafika barabarani. Nyuma yangu hakuna mtu. Nikamtafuta Deodatha, mke wangu. Yuko kule kule kwa Elipidius, tena mbele!

Nyumbani nikamuuliza kwa nini ananiaibisha. Akajibu, huku anamenya ndizi, kwamba mwaka jana mama yake alipozidiwa, Elipidius ndiye aliyebeba machela hadi zahanati. Akataka kujua mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa Kayanga, kwenye semina ya mshikamano! Semina muhimu sana!

Jumatatu, 9 Juni
Nimetafakari, na kosa nimelipata. Ni la vibarua. Hawa wa Nyakatuntu wameshaharibika, lakini nasikia kata ya Mabira wapo wanaojitambua. Bodaboda imeshafika. Deodatha amekuja mbio kusema mama yake amezidiwa tena, nisaidie kumbeba. Nimemwambia amwite mwenyekiti wake.