Taa ya Buluu na Kanzu ya Baba Mkwe

Jamani, leo sina uso. Nimeuacha kwenye koridoo ya hospitali.

Mke wangu Zaituni amejifungua wiki hii. Mtoto wa kiume, wa kwanza! Siku ya tatu akawa wa manjano, macho na mwili. Wakamlaza chini ya taa ya buluu, na nepi tu, macho yamefunikwa kitambaa. (Alifanana na tajiri anayeota jua ufukweni Kajaga.)

Leo asubuhi Zaituni alitaka kwenda kuoga.

"Muangalie mutoto. Kitambaa kisitoke kwenye macho. Utaweza?"

"We! Mi ni fundi wa magari miaka kumi. Nishindwe na mutu mudogo hivi?"

Dakika tano. Harufu. Nikafungua nepi. Mungu wangu! Majimaji, tena kijani kama sombe, ile mboga ya majani ya muhogo! Kifuani, vipele vyekundu. Nikajua taa inamuunguza mwanangu.

Nikamfunga nepi mpya (kinyumenyume, nimeambiwa baadaye). Nikamwomba mama wa kitanda cha pili amtazame. Ile nepi chafu nikaishika kama ushahidi, nikatoka mbio.

"Dogteri! Dogteri! Taa inamupika mutoto!"

Kwenye kona, nani? Baba mkwe! Amekuja kumwona mjukuu kabla ya swala ya Ijumaa. Kanzu nyeupe, pasi imenyooka mpaka unaogopa kuigusa. Mzee huyu tangu harusi hajawahi kunitaja jina. Ananiita "yule kijana".

Breki hazikushika. Pah! Nepi ikatua kifuani mwake, upande uliofunguka.

Nesi akatokea.

"Nani anapikwa?"

Nikaeleza. Akashusha pumzi.

"Papa, taa inayeyusha ile manjano, inatoka na choo. Ndiyo maana ni kijani, tena ya maji. Na vipele vinaletwa na taa, vitaisha. Mama amunyonyeshe mara nyingi tu, asikaukiwe na maji."

"Kwa hiyo mutoto ni muzima?"

"Muzima kabisa. Wa kuhurumiwa ni huyu muzee."

Baba mkwe alikuwa bado anatazama kifua chake.

"Sasa hii," akasema polepole, "ndiyo manjano ya mujukuu wangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Alhamdulillah. Itoke yote." Akaivuta kanzu kwa vidole viwili. "Lakini apana juu yangu!"

Akaanza kucheka. Nesi akacheka. Mlinzi wa mlangoni akaja kuuliza wanacheka nini, akaelezwa, naye akacheka. Mimi nilikuwa natafuta dirisha la kurukia.

Zaituni katoka kuoga, kakuta baba yake hana kanzu. Akampa kitenge chake cha maua ajifunike. Mzee kakaa karibu na mjukuu, mgongo mlangoni, akisubiri nguo kutoka nyumbani. Shangazi mmoja akachungulia na kumpigia vigelegele: "Pongezi, mama! Umetuletea mwanaume!"

Mzee hakugeuka. Alisema tu, "Yusufu, mujibu shangazi yako."

Yusufu! Jina langu! (Na shangazi ni wangu kweli. Balaa juu ya balaa.)

Sasa kanzu iko kwenye beseni mbele yangu. Nimesugua mara tatu, kijani hakisogei. Anayejua dawa ya doa aandike hapa chini. Anayetaka kucheka, apande mlima wa Kiriri akachekee huko, nisimsikie.