Saa 312 za Ezekiel

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimekwisha! Baada ya misa Mama alitoa kabatini gemu ya mkononi ya Ezekiel, mdogo wangu tuliyemzika mwaka jana. Mama hajui kucheza. Kila Jumapili huiwasha, husoma mstari mmoja tu, EZEKIEL, SAA 312, kisha huizima. Husema hizo ni saa ambazo mwanae alikaa nyumbani akiwa na furaha. Leo mstari ulionyesha 316. Alhamisi nilicheza kidogo, yeye akiwa shambani. Nani alijua mashine inahesabu?

Jumatatu, 2 Juni

Mama anasema Ezekiel amerudi, ana shida. Aliweka ugali na maziwa ya mgando kando ya gemu, akaenda kisimani. Nikaula. Ulikuwa unapoa! Aliporudi na kukuta sahani tupu alipiga magoti akalia. Dada yangu Nice, mwalimu, mjuaji wa kila kitu, alikuwa akitazama maziwa kwenye sharubu zangu. Kanipeleka nyuma ya jiko. Eti nimwambie Mama ukweli. Ukweli! Mimi nina mpango bora: nitapunguza saa nne.

Jumanne, 3 Juni

Basi la asubuhi kutoka Kisaka hadi Sirari, gemu mfukoni. Fundi Werema, hodari wa simu zote za mpakani, alisema hakuna noma, boss, hiyo ni kurudisha nyuma tu. Nimelala kwa binamu. Nina matumaini.

Jumatano, 4 Juni

Amerudisha nyuma kweli. Mpaka mwanzo. Memori kadi tupu! Ezekiel alikuwa na ng'ombe arobaini na sita ndani ya mchezo, kila mmoja kampa jina. Wametoweka wote, na hakuna hata nyayo za kufuata. Werema alisema pole, akaomba hela ya chai. Ndani ya basi nililia, nikamwambia jirani yangu ni vumbi.

Jioni, wazo! Nimefungua mchezo mpya, nikaandika EZEKIEL, nikaacha mashine kwenye chaji chini ya kitanda. Hujihesabia yenyewe. Siku kumi na tatu tu, tutakuwa tumefika.

Ijumaa, 6 Juni

Jana umeme ulikatika, chaji ikaisha. Sikuwa nimehifadhi. Saa kumi na tisa zimekwenda, nimeanza upya. Kuanzia sasa nahifadhi kila ninapoigusa, kabla ya jambo lolote.

Jumapili, 8 Juni

Mama aliwasha. Saa 70. Aliuliza nyingine ziko wapi. Nilimwambia mashine huanza upya kila mwaka, kama daftari la mahudhurio shuleni. Nice alikohoa. Mama alishika gemu muda mrefu. Akasema basi ataingoja. Hataiwasha tena mpaka nimwambie zimefika 312, maana akiona pungufu anahisi kama amemzika mara mbili. Sikumaliza chakula.

Jumamosi, 14 Juni

Saa 212. Yule mtu wa ndani ya mchezo amesimama shambani siku zote hizi, hana ng'ombe, hana kazi. Nikimtazama sana nakosa usingizi. Ezekiel hakuwa mtu wa kusimama.

Alhamisi, 19 Juni

Jana mchana, dakika chache tu zikiwa zimebaki! Nikatoka mbio kumtambia Nice. Akasema nimemdanganya mama mzazi kwa betri. Nikamjibu. Akanijibu. Tukaenda hivyo mpaka ng'ombe wakarudi zizini. Nikakimbia ndani na, kwa sababu nimejifunza, nikahifadhi kwanza, hesabu mpya ikafuta ya zamani. Ndipo nikatazama. 315.

Mama amesimama mlangoni tangu asubuhi, kavaa kitenge cha kanisani. Anauliza kama zimefika. Nimemwambia bado kidogo.

Kesho basi la asubuhi. Ni saa tatu tu za kupunguza. Werema hawezi kushindwa na saa tatu.