Kamati ya Mkato Rasmi

Kuanzia siku hiyo, hakuna tarakimu ambayo ingekatwa mkoani Kigoma bila utaratibu! Ndivyo alivyotangaza Bwana Urbanus, Mwenyekiti wa Kamati ya Mkato Rasmi, kule Rusimbi, miaka ile kambi za Warundi zilipofurika.

Kazi aliyotumwa ilikuwa kuchapa kitabu cha hesabu cha watoto wa kambini. Lakini jamani, alikuta maafa! Namba ikifanana juu na chini ya mstari wa sehemu, mwalimu huyu aliikata mshazari, yule mlalo, mwingine alichora msalaba kabisa. Nchi ingesimamaje? Kamati ikakaa. Ikanywa chai. Ikakaa tena.

"Mheshimiwa, mtihani wiki ijayo," alisihi Aurore, mwalimu mkimbizi aliyekuja kwa baiskeli kufuata vitabu. "Mana yanje, Mungu wangu! Bila kitabu watoto wangu watafeli wote."

"Mama, usitupelekeshe. Bado tunapembua mshazari."

Hatimaye ulipita mkato mwekundu, mistari miwili, ulioinama kidogo kwa heshima ya serikali. Urbanus akamwamuru Jovita, mpangaji kurasa, aifundishe kompyuta.

"Chochote kinachofanana juu na chini ya mstari, kikatwe. Popote, bila kuuliza."

"Popote kabisa, Mzee?"

"Wewe dada, sheria haitazami sura!"

Jalada Urbanus alilichora mwenyewe, kwa mahaba. Juu akaweka jina lake, Mwenyekiti ndiye yeye. Chini yake akapiga mstari mnene wa kupendeza. Chini ya mstari akaweka jina lake tena, maana hata Mhariri Mkuu ndiye yeye. Angemwachia nani?

Maboksi ya vitabu yakaja. Urbanus akachomoa nakala ya kwanza, akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Jina la juu limekatwa. La chini limekatwa. Pembeni ya kila jina kuna tarakimu ya moja, ndogo, safi, kama sehemu iliyofupishwa.

"Vichomwe vyote!" alifoka. "Vichapwe upya!"

Wajumbe wakatazamana.

"Hiyo amri katoa nani?" aliuliza Gervasi, makamu wake.

"Mimi!"

"Kihesabu, Mzee, kilichokatwa hakimo."

Nje, Aurore alishapakia maboksi yote kwenye lori la kambi. "Washa, twende!" alimpigia kelele dereva, na lori likaondoka.

Urbanus aling'ang'ania kiti cha mwenyekiti kwa mikono miwili. Haikusaidia. Gervasi alikuja, akakikagua kiti, akaridhika kuwa ki wazi, akamkalia mapajani na kufungua kikao.